Vidonge vya damu (FEFO) vya Mwanjelwa, nimevitumia na haya ndo niliyoyaona

Wadada wa Mbeya hii nawaandikia nyie hasa mnaoulizana kila siku kwenye magrupu ya wasap, jamani kirutubisho gani kizuri kwa mwanamke anayechoka hovyo, kizunguzungu, moyo unaenda mbio ukipanda kamlima kadogo tu. Mi natumia FEFO, vile vidonge vyekundu vya madini ya chuma na foliki asidi, nimenunua kwenye duka la dawa moja pale Mwanjelwa, bei hata elfu tano haikufika. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni yule dada wa dukani. Nimefika nikamwambia naomba dawa ya kuongeza damu, akaniuliza, dada umepima HB, yani kiwango cha damu? Nikasema bado. Akasema kapime kwanza ndo uje, hela yako haikimbii. Wangapi wanafanya hivyo sa hivi? Nikaenda zahanati nikarudi na karatasi yangu imeandikwa 9.4, na kwa mwanamke asiye na mimba chini ya 12 tayari ni upungufu, mjamzito chini ya 11. Afu kuna kitu wengi hatuambiwi sisi watu wa huku juu, ukiishi milimani mwili unatengeneza damu nyingi zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi, kwahiyo kiwango cha kawaida kinapanda kidogo, yani 9.4 ya Mbeya ni mbaya kuliko 9.4 ya Dar.

Basi akaanza maswali. Hedhi inatoka nyingi? Ina mabonge? Umemeza lini dawa ya minyoo? Kwenu kuna selimundu? Una ujauzito, na kama unao wamekupa SP, vile vidonge vya malaria, kliniki? Hilo la SP nikamuuliza kwanini, akanielewesha vizuri kabisa kwamba foliki ya miligramu 5 inaipunguzia SP nguvu ya kukinga malaria, kwahiyo mjamzito asijinunulie tu foliki kubwa dukani, ya kliniki ni ndogo, haifiki hata miligramu moja, na hiyo ndo inayomfaa. Ila foliki yenyewe ni muhimu mno na inatakiwa uanze hata kabla hujashika mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wengine hapo hata hawajajua kama wana mimba, na mgongo wazi ndo unaanzia hapo. Na kwa vile nilimwambia hedhi yangu ni nyingi akasisitiza niende hospitali wakaangalie kama kuna uvimbe kwenye kizazi, vidonge peke yake haviwezi kushindana na damu inayotoka kila mwezi.

Sasa matumizi. Kidonge ukikichelewesha mdomoni kinaleta ladha ya msumari, kimeze haraka na maji mengi. Choo kitakuwa cheusi, usiogope ndo kawaida yake, ila kufunga choo na tumbo kujaa kwakweli kunasumbua, mimi parachichi na matembele ndo vilinisaidia. Na chai jamani! Huku kwetu na baridi hii chai ya Rungwe tunakunywa asubuhi mpaka usiku, na chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kahawa hivyohivyo, na maziwa pia. Kwahiyo unameza kidonge afu unashushia chai ya rangi, hapo umetupa hela. Mi nameza na maji na chungwa, chai naisubiri kama masaa mawili hivi. Damu imepanda, nilipopima tena ilikuwa 12 na kidogo, na nimeambiwa nisiache, niendelee kama miezi mitatu mbele ili akiba ya mwili nayo ijae.

Kabla ya hapo kuna wakala alinifuata na pakeji yake ya kusafisha kizazi na kubalansi homoni, laki na themanini, makopo matatu, nimeyageuzageuza sijaona palipoandikwa kila kidonge kina nini na kiasi gani, wala namba ya usajili. Nikimuuliza kuna nini ndani anasema mimea ya asili, inatibu uvimbe, inatibu PID (maambukizi kwenye via vya uzazi), inaleta mimba, inaongeza damu, yote hayo kopo moja! Inaniuma sana kwa sababu wanaonunua ni wale waliohangaika na mtoto muda mrefu, wanauza mpaka magunia ya mahindi. Kizazi hakisafishwi na kopo, kinajisafisha chenyewe kila mwezi, na PID inatibiwa na antibayotiki hospitali.

Ile nyota niliyokata ni ya bahasha. Vidonge wamenihesabia wakanifungia kwenye kabahasha ka plastiki, hamna jina la dawa, hamna tarehe ya kuisha, mpaka nilipodai ndo wakanionyesha kopo kubwa. Hili sio dogo, vidonge vyenyewe vyekundu, vinang'aa, mtoto anaona pipi, na mtoto mdogo akimeza vingi vya madini ya chuma anaweza kufa. Mnaoenda kununua ombeni wawape kwenye kikopo chenye mfuniko, waandike jina na tarehe, afu nyumbani muweke juu kabisa, sio kwenye pochi inayotupwa kitandani.