Wazee wa ukoo au daftari za ubatizo?

Kumtafuta babu aliyeishi Uchaggani, Kilimanjaro, miaka ya 1880 kuna njia mbili, wazee wa ukoo na daftari za ubatizo za misheni, na kila moja ina mahali inapokwama.

Kwa kurudi nyuma, wazee wanashinda. Misheni ya Kikatoliki ya Kilema ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Aliyekufa kabla ya hapo hayumo daftarini, isipokuwa labda kama jina la baba wa aliyebatizwa. Ila kwa wazee neno “babu” hubeba vizazi vyote, na wasioacha watoto hurukwa. Usiombe orodha. Tembea kihamba (shamba la ukoo la migomba) na mzee, sale (mmea wa mpakani) kwa sale, ukiuliza: hapa alizikwa nani, nani alimgawia eneo? Kisha mhoji mzee wa tawi jingine peke yake. Wakikaa pamoja, mdogo humfuata mkubwa.

Kwa tarehe, daftari. Wazee husema “kabla Mangi Meli hajanyongwa”, yaani kabla Wajerumani hawajamnyonga mtawala huyo wa Moshi mwaka 1900. Hata hivyo, umri wa mtu aliyebatizwa akiwa mzima mara nyingi ni makisio ya padri. Tafuta pia kwa tahajia ya Kijerumani: “ch” iliweza kuandikwa “dsch”, kama Dschagga.

Gharama? Daftari hudai barua kwa paroko na subira ya kusoma Kilatini cha mkono. Wazee hudai nauli na mbege, pombe ya ndizi. Nenda Desemba, ukoo ukiwa nyumbani.

Mzee wako akiwa na miaka 85, anza naye wiki hii, daftari itasubiri. Kama ukoo ulishatawanyika na unajua parokia, anzia kitabuni.