Nimehama kutoka minoksidili ya maji kwenda ya povu: miezi 5 baadaye, kichwa hiki hapa

Haya, hamjambo jamani, karibuni tena. Kabla sijasema lolote ngoja nigeuke. Mnaona utosi? Subiri, nisogeze taa... hapo. Wale wa siku nyingi mnakumbuka hapa palikuwa kama stendi ya boda, udongo mtupu, pamekanyagwa pamesawazika. Leo pana majani. Sijasema msitu, msinikuze. Majani.

Leo nakuja na hili kopo. Nina furaha nalo ya kijinga, na nina chupa nyingine hapa chini ya meza ambayo nina hasira nayo, mtaiona baadaye. Bonyezeni kengele kabisa, maana wiki mbili zilizopita sikuweka video, na si kwa uvivu, kompyuta ilikufa. Nimetengenezewa pale Wandegeya, imerudi inapiga kelele kama mashine ya kusaga lakini inafanya kazi.

Swali mnalonirudia kila wiki ni hili: "Kaka, natumia minoksidili ya maji, nikihamia ya povu nitaanza sifuri? Nywele nilizopata zitaondoka?" Na la pili: "Naweza kuchanganya na finasteridi ya kupaka, ile dawa nyingine ya upara, na mafuta ya rosemari, na ile shampuu, vyote kwa mpigo?" La kwanza nalijibu nikicheka. La pili mtanisamehe.

Minoksidili ni nini, sirudii, video ipo, ile niliyovaa kofia mwanzo mpaka mwisho. Aliyeingia leo ajue tu kwamba ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, Marekani, 1979, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka mashavuni, watu wakaona basi hii tuipake kichwani. 1988 ya kupaka ikaruhusiwa. Povu likaja 2006. Tuendelee.

Hii ndiyo chupa ya maji. Asilimia 5. Nimeitumia miezi 14 na sikatai, ndiyo iliyoanza kazi. Lakini adui yangu ni huyu hapa, kijiti hiki chenye kipira. Kinatakiwa kivute mililita 1, mstari ule pale. Tazama. Navuta... hewa. Navuta tena... nusu dawa, nusu hewa. Tena... sasa imepita mstari. Kampuni siitaji, ila aliyebuni kipira hiki ana nywele zake zote kichwani, naapa. Mtu mwenye upara angekifanyia kazi vizuri zaidi.

Haya, imepatikana mililita 1. Nainamisha kichwa, nadondosha. Moja, mbili, tatu... mnaiona inavyoteremka? Inakwenda wapi? Kwenye nyusi! Dawa ya utosi inatibu nyusi. Asubuhi ukishapaka hivi, dakika 10 baadaye uko juu ya boda na helmeti kichwani na jasho la Kampala. Helmeti ya yule kijana wa steji yetu ilipaswa kuwa na rasta sasa hivi.

Na kuwasha. Nilijikuna mpaka mama watoto akanikagua chawa. Unga mweupe mabegani, nikajua ni mba, nikanunua dawa ya mba, haikusaidia kitu. Nilipokwenda kwa daktari wa ngozi akaniuliza natumia ya maji au ya povu, nikasema ya maji. Akaniambia kinachowasha wengi si minoksidili yenyewe, ni kiyeyushi kinachoibeba, propilini glikoli. Kwenye povu hakimo. Ndiyo sababu ya kuhama kwangu, wala si mtindo.

Sasa povu. Banange, povu.

Hapa nitakawia, anayetaka kuruka aruke, lakini nusu ya wanaosema povu halifai wanalipaka vibaya. Hatua ya kwanza inafanyika kwenye beseni. Maji ya baridi, vidole ndani, hesabu mpaka 20, toa, kausha vizuri. Kwa nini? Angalia mkono huu ambao sijauchovya. Naweka povu kidogo kwenye kidole... angalia, angalia... limekwisha. Limekuwa maji. Povu hili limetengenezwa liyeyuke likigusa joto la mwili, likuingie kichwani, sasa wewe umeliyeyushia mkononi. Umeotesha nywele za kiganja.

Mkono huu wa baridi sasa. Kopo unaligeuza juu chini, kichwa chini kabisa, usiliinamishe nusu nusu. Ukilibonyeza limesimama, gesi inatoka yote, povu linabaki ndani, halafu unakuja kunilalamikia. Nusu ya kifuniko, gramu 1 hivi. Mimi silipigi kidoleni, nalipiga kwenye kisahani. Kisahani hiki kimelala kwenye friji tangu jana, na Mungu akasaidia umeme haukukatika. Mnaona linavyosimama? Kama mayai yaliyopigwa kabla ya rolex, ile chapati yetu ya mayai. Sasa nachota kidogo, natenganisha nywele, nagusisha kwenye ngozi. Kwenye ngozi! Ukipaka nywele umepaka kofia. Nachota tena, nasogea nyuma. Nafuata duara la upara kuanzia pembeni kwenda katikati. Sisugui, nabonyeza tu. Hapa... na hapa. Nyusi zangu kavu. Tazameni paji la uso, sogeza kamera: kavu!

Mtazamaji mmoja wa Arua aliniandikia kwamba kwao linayeyuka hata kwenye kisahani. Ndugu yangu, paka alfajiri kabla jua halijajua upo. Na kopo lenyewe lina spiriti na gesi, usiliweke karibu na sigiri, usiliache ndani ya gari juani, na usivute sigara kichwa kikiwa kibichi. Nimeshasema.

Tukirudi kwenye swali. Ni dawa ileile. Asilimia 5 ya maji na asilimia 5 ya povu, unabadilisha gari tu, abiria ni yuleyule. Hakuna kupumzika katikati, hakuna wiki ya kusafisha mwili, hayo ya kusafisha mwili sijui mnayatoa wapi. Jana usiku maji, leo asubuhi povu, umehama. Mimi nilikuwa na chupa nusu na sitaki kutupa pesa, nikawa napaka povu asubuhi, maji usiku, mpaka chupa ikaisha. Hilo halina neno kwa sababu jumla ni mara 2 kwa siku. Kosa ni kupaka maji na povu juu yake kwa wakati mmoja ukidhani zitaota mara mbili. Haziongezeki. Kitakachoongezeka ni dawa inayoingia kwenye damu, na nimewaambia ilikotoka, ni dawa ya presha. Moyo ukikimbia, kizunguzungu, miguu ikavimba, acha na umwone daktari.

Kinachopoteza nywele ni kuacha kabisa. Ukiacha, zile ulizopata zinaondoka ndani ya miezi michache na unarudi ulipokuwa. Hapo ndipo watu wanachanganya: mtu anahama, lakini katikati anakaa miezi 3 akisubiri mshahara, halafu analilaumu povu.

Kuhusu kunyonyoka kwa mwanzoni. Anayeanza minoksidili kwa mara ya kwanza, wiki ya pili mpaka ya nane hivi, nywele zinaweza kudondoka kuliko kawaida. Ni kama taksi pale stendi ya Old Park, Kampala, abiria waliokuwa wanasinzia wanashushwa ili wapya wapande. Inatisha, kitaulo kinajaa, lakini mara nyingi ni dalili dawa inafanya kazi. Mimi nilipohama sikuona. Na baada ya hapo subiri, miezi 4 angalau, kabla hujaanza kupima. Kuna ambao haitafanya kitu hata wakingoja, kwa sababu minoksidili inahitaji kimeng'enya kwenye mizizi ya nywele kiigeuze ndipo ifanye kazi, na si kila mtu anacho cha kutosha.

Sasa toa ile chupa. Hii. Shemeji yangu ameiletea nyumba hii, ameinunua kwa muuzaji wa kwenye simu. Soma pamoja nami: "Tano kwa moja. Inaotesha nywele siku 14." Siku 14! Hata mahindi hayaoti hivyo. Ndani, anasema muuzaji, kuna minoksidili, finasteridi, vitamini, mafuta na "dawa ya kuwasha". Asilimia ngapi? Haijaandikwa. Imetengenezwa wapi? Hakuna. Namba ya usajili? Hakuna. Tuna NDA hapa Uganda, mamlaka ya taifa ya dawa, kazi yao ni kusajili dawa, na dawa isiyosajiliwa ni maji ya kisima tu mpaka ithibitishwe vingine. Hiyo "dawa ya kuwasha" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana inaweza kuwa steroidi, dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe, na steroidi kali kila siku kichwani inachuna ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi.

Msinielewe vibaya. Kuchanganya minoksidili na finasteridi si wazimu. Zinafanya kazi tofauti. Finasteridi inazuia ile homoni ya DHT isitengenezwe, hiyo ndiyo inayokondesha mizizi kwa wanaume wa upara wa kurithi, na minoksidili inaamsha mizizi. Madaktari wanaziunganisha kila siku. Lakini finasteridi ya kupaka inaingia mwilini pia. 2025 wakala wa dawa wa Marekani, FDA, walitoa tahadhari juu ya hizi za kuchanganywa madukani: watu wameripoti sonona, wengine nguvu za kiume kushuka, na wengine waliambiwa haina madhara kwa sababu ni ya kupaka. Na mwanamke mjamzito asiiguse kabisa, inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Shemeji ana mke mwenye mimba ya miezi 5 na chupa ilikuwa juu ya meza ya kulia! Nimeichukua. Amenuna. Anune.

Anayetaka kuunganisha: kimoja kwanza, miezi 4, picha dirisha lilelile saa ileile, halafu cha pili. Ukianza vinne Jumatatu, kichwa kikiwasha Ijumaa utamkamata nani?

Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, mimi natumia mara 2 kwa wiki, povu lake naliacha dakika 5, nasuuza, nakausha, ndipo minoksidili. Inanisaidia mba, na huenda nywele kidogo, ushahidi wake mdogo. Rosemari, mnaniletea utafiti wa Iran wa 2015 kila siku, watu 100, miezi 6, ikatoka sare na minoksidili. Ndiyo, lakini ni minoksidili ya asilimia 2, si hii. Ukipenda mafuta, paka dawa kwanza, ikauke, mafuta baadaye. Na ukitoka kwa kinyozi, kichwa kimekwanguliwa na wembe na kimepigwa spiriti, siku hiyo pumzika. Ngozi yenye vidonda inanyonya kupita kiasi.

Akina dada, hapa najigeuka. Nimesifu povu nusu saa, lakini kama umesuka, maji yanalishinda. Mke wangu ana msuko, kingo za mbele zimerudi nyuma kwa kuvutwa miaka, na povu kwenye mistari ile linakaa juu ya nywele kama theluji. Maji yenye kile kipira, nimekitukana, lakini kinapita kati ya mistari vizuri. Kwa hiyo kipira kina mwenyewe. Ila dada, kama kingo zinatoka kwa kuvutwa, fumua kwanza. Msusi akikwambia "vumilia, ndiyo inakaa," hama saluni. Wanawake povu la asilimia 5 ni mara 1 kwa siku, si 2, la sivyo ndevu. Sitanii.

Bei. Chupa nilikuwa nanunua 45,000, kopo 95,000. Najua. Kama maji hayakuwashi na kipira chako kina adabu, baki na maji, sina ninachokuuzia. Kabla ya kuwashwa hata mimi nisingehama.

La usiku: paka zikiwa zimebaki saa 2 mpaka 4 ulale, mto usinyonye dawa. Kama una mtoto mchanga anayelala kifuani au kwenye mto wako, zingatia zaidi, kuna watoto Ulaya walioota nywele mwili mzima kwa kugusana na mzazi anayepaka. Paka naye asikulambe kichwa, dawa hii inaweza kumuua.

Maswali mawili nimalize, betri iko asilimia 9. Wa Kasese anauliza baba yake ana upara unaong'aa tangu 2004, ampakie? Hapana, kaka, mizizi ya hapo imeshafunga duka, mnunulie mzee kofia nzuri. Na wa pili anataka nigawe kopo moja kama zawadi. Ni dawa, sigawi, sijui presha yako. Nagawa kisahani.