Saa ya mishale au saa janja? Hili ndilo lililonishinda kunyamaza

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Kama wewe ni mgeni hapa, chaneli hii inachambua vifaa kwa Kiswahili kutoka Kampala, na leo kuna jambo moja limenifurahisha kiasi kwamba siwezi kuliweka mwishoni. Ni namna ya kuisoma saa yetu ya Kiswahili kwenye saa ya mishale, na kuipata hata kwenye saa janja. Nitaanza nalo, halafu mengine yatafuata.

Mezani kuna saa tatu. Hii nyepesi ya plastiki ni Casio MQ-24: mishale mitatu, namba zote kumi na mbili, basi. Hii ya duara ni Galaxy Watch4 ya Samsung, ile iliyotoka 2021. Yangu ni ya mtumba, imepitia Dubai kama nyingi zinazouzwa hapa mjini. Ya tatu ni saa janja ya bei ya chini, na jina lake silitaji. Nitaifikia. Mambo ya prosesa, ukubwa wa skrini, Bluetooth ya ngapi, hayo mnayajua na yameandikwa kwenye boksi. Siyasomi.

Mdogo wangu, hebu sogeza kamera. Karibu zaidi. Hapo hapo.

Tazameni hii Casio. Mshale mfupi umeipita 10 kidogo, mshale mrefu uko kwenye 4. Ukimuuliza mtu yeyote hapa nje saa ngapi, awe anaongea Kiswahili au Luganda, atakwambia saa nne na dakika ishirini. Na hatoi sita kwenye kumi. Jicho lake linavuka tu. Linatoka kwenye 10, linakata katikati ya uso wa saa, linatua ng'ambo kwenye 4. Saa nne. Dakika hazivuki, dakika unazisoma palepale zilipo.

Nazungusha. Mshale mfupi kwenye 7, ng'ambo yake ni 1: saa moja asubuhi. Nazungusha tena, 12, ng'ambo ni 6: saa sita mchana, watu wanaulizia chakula. Kwenye 3, ng'ambo ni 9: saa tisa alasiri, watoto wametoka shule. Mnaona ilivyo nyepesi? Sasa angalieni hii nyingine, nimeiazima kwa jirani. Mshale wake wa saa una kimkia kifupi upande wa nyuma. Kimkia hicho kinaonyesha wapi? Kinaonyesha saa yetu! Mbele mshale unakupa saa ya ofisini, nyuma kimkia kinakupa saa ya nyumbani, vyote kwa wakati mmoja, bila programu wala sasisho. Aliyeichora pengine hakutufikiria hata kidogo, lakini imetukaa kama tulipimwa.

Na jinsi tunavyohesabu saa kuna akili kubwa, msikubali mtu awaambie tunachanganya. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Hapa Kampala jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, halihamihami kama Ulaya. Kwa hiyo siku inaanza kuhesabiwa pale inapoanza. Saa moja ya mchana imeisha, ni saa moja. Huko kwingine namba inabadilika katikati ya usiku, watu wamelala.

Kuna wazee ambao saa zao wameziweka moja kwa moja kwenye majira haya. Mishale yenyewe inasema saa nne, hawavushi jicho popote. Kama saa yako ina tarehe, ukiiweka hivyo unaweza kupanga tarehe ibadilike saa kumi na mbili jioni. Ndugu zetu Waislamu watanielewa haraka, maana kwao siku mpya inaingia na magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Saa ya mishale inakubali mpangilio huo bila kulalamika.

Sasa njoo kwenye saa janja. Skrini imeandika 10:20. Ng'ambo iko wapi? Hakuna. Ukitoka hapo ukaenda kwenye mfumo wa saa ishirini na nne, jioni inakuandikia 19:45. Kumi na tisa! Mtu ameniita kwenye kikao saa mbili kasoro robo, mimi nasimama nafanya hesabu kwa vidole. Unaweza kuweka uso wenye mishale ya kuchorwa, na mimi ndio ninaoutumia, ila skrini ikizimika kulinda betri unabaki na kioo cheusi mpaka uinue mkono.

Na hapa ndipo jambo langu lilipo. Usibadilishe majira ya simu, tafadhali. Wapo wanaosogeza saa nzima, halafu kengele zinalia usiku wa manane na ujumbe unaonekana umetumwa kesho. Fanya hivi. Fungua programu ya saa ya dunia. Ongeza mji. Andika Buenos Aires. Ndiyo, Argentina. Weka mfumo wa saa kumi na mbili. Kisha rudi kwenye uso wa saa, bonyeza na ushikilie, chagua kurekebisha, na kwenye ile nafasi ndogo ya chini weka saa ya dunia. Tazama.

Juu 10:20. Chini Buenos Aires, 4:20. Saa nne na dakika ishirini!

Ngoja nieleze kwa nini inafanya kazi, maana nilipomwonyesha rafiki yangu alidhani ni bahati. Sisi tuko saa tatu mbele ya majira ya dunia, Argentina wako saa tatu nyuma. Kati yetu ni saa sita kamili, na Argentina kwa sasa hawasogezi saa zao mara mbili kwa mwaka kama wanavyofanya London, kwa hiyo sita inabaki sita. Wao wanapoandika saa saba usiku kwa hesabu yetu, yaani 1:00, sisi huku jua limechomoza na ni saa moja asubuhi. Apple Watch nayo ina saa ya dunia, unaweza kufanya vilevile. Simu yako pia. Kampuni hizi zinatuuzia saa na hazijatuwekea Kiswahili cha saa kwenye mpangilio, nasi tumejiwekea kwa kupitia Argentina. Kila nikiitazama nafurahi upya.

Haya. Kabla sijaendelea: wengi mmeuliza habari ya video ya chaja za sola. Inakuja, naipima bado, sitaki kuwapa nusu. Na kuanzia sasa tunapakia Jumatano jioni badala ya Jumatatu. Ndugu zetu wa Arua, Kasese na Busia, na ninyi mnaotutazama kutoka Goma na Bukavu, maoni yenu nayasoma yote. Bonyezeni kengele basi, inatusaidia kweli.

Sasa hii ya tatu. Boksi lake linasema inapima mapigo ya moyo, presha, oksijeni, hata sukari. Kwa bei ya mchele wa wiki moja. Hii hapa ndizi ya matoke, mbichi, imetoka jikoni. Naivalisha saa. Mkanda nakaza vizuri. Nabonyeza presha. Taa ya kijani inawaka chini, mnaiona inavyomwekamweka kwenye ganda? Subiri. Subiri kidogo.

121 kwa 79. Mapigo 76.

Matoke lina presha nzuri kuliko mjomba wangu.

Niwe mkweli: ile taa ya kijani ni teknolojia ya kweli. Damu inafyonza mwanga wa kijani, moyo ukisukuma damu inaongezeka kwenye mishipa, mwanga unaorudi unapungua, kihisi kinahesabu. Hata saa nzuri ikivalishwa kitu kisicho mkono inaweza kubahatisha mapigo. Ila presha ni habari nyingine. Hii Galaxy, ili ikupe presha, inakudai kwanza ujipime na kile kifaa cha kufunga kwenye mkono, uingize namba, na urudie kila siku 28. Hiyo ni kampuni kubwa yenye maabara, nayo inasema peke yangu sitoshi. Hii ya mezani haijauliza chochote, imempa ndizi namba.

Na sukari? Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Yoyote. Kuna mtu ana kisukari, anaangalia mkono wake asubuhi, anaona namba nzuri, anabadilisha dozi ya dawa. Hilo linaniumiza. Wauzaji wa pale mjini, najua biashara ni ngumu, lakini msimwambie mama wa watu kwamba hii inapima sukari. Oksijeni nayo, ichukulieni kwa tahadhari. Utafiti uliochapishwa 2020 kwenye New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba vifaa vya hospitali vinavyopima oksijeni kwa mwanga vilikosea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi. Kama vya hospitali vina shida hiyo, cha mkononi kisikupe usingizi.

Basi saa janja inafaa nini? Boda. Uko nyuma ya boda, mmefika Clock Tower, foleni imekaza, simu inatetemeka mfukoni. Ukiitoa hapo unajitafutia msiba, wenye mikono myepesi wapo. Mkono unakuonyesha nani anapiga, simu inabaki ndani ya jaketi. Ujumbe wa pesa umeingia, umeuona. Hilo peke yake kwangu linatosha kuivaa siku za kazi. Na wanaokimbia, GPS inawafaa sana. Milima ya mji huu, ukipanda Kololo unataka kujua umeenda umbali gani, na mishale haina habari hiyo.

Lakini usiivae kwenye kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti kabla ya ndoa. Nasema kutoka moyoni. Umevaa kanzu imepigwa pasi, koti juu, mmepiga magoti mbele ya wazee wa upande wa binti, na mkono wako unawaka: ujumbe wa kundi la mpira. Kuna namna ya kuizima skrini isiwake, najua, ila hata ikizimwa ni kioo cheusi chenye mkanda wa raba. Saa nyembamba ya mishale, mkanda wa ngozi wa kahawia, inakaa chini ya mkono wa koti na inaonekana kidogo tu unapopokea kikombe. Mtu anayekuangalia anajua umejiandaa. Na haihitaji iwe ghali. Casio wana za chuma nyembamba, Seiko za mtumba zipo kwa mafundi saa, wale wenye meza ndogo za kioo barabarani, na nyingine ukizisafisha kioo tu zinapendeza.

Bei sasa, maana najua mnasubiri. Hii MQ-24 mimi nimeipata kwa shilingi elfu sitini za Uganda, ukibembeleza unashuka. Betri yake Casio wanasema miaka miwili hivi, na fundi anaibadilisha huku umesimama. Galaxy ya mtumba ilinitoka laki mbili na nusu, na Samsung wenyewe waliahidi saa 40 za chaji ilipokuwa mpya, yaani sasa ni kila usiku ukutani. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unavaa bangili. Na chaja yake ni ile yake tu, ukiisahau kijijini hakuna jirani wa kukuazima.

Mnajua saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi ilikuwa Seiko Astron, Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969? Iliuzwa yen 450,000, bei ya gari dogo wakati huo. Ndani yake ni kipande cha fuwele kinachotikisika kwa umeme wa betri. Kwenye hii Casio ya elfu sitini kuna fuwele ya aina hiyo inayotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mwezi mzima inapotea sekunde ishirini hivi. Kwa kweli nikifikiria hapo, hiki ndicho kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote nilivyowahi kuweka kwenye meza hii.

Kwa hiyo, ukiwa na pesa ya kununua moja, chukua ya mishale, yenye namba zote kumi na mbili ili jicho lipate pa kuvukia. Ukiwa unakimbia, au kazi yako ni ya barabarani, ongeza janja ya mtumba ya kampuni inayojulikana na uiwekee Buenos Aires. Ile ya tatu usiipeleke nyumbani.

Wenye Huawei, Garmin na Amazfit, hizo sijazishika. Jaribuni kuongeza Buenos Aires kwenye uso wa saa, halafu niandikieni hapo chini kama imekubali na mmepitia wapi kwenye mipangilio. Nitayakusanya majibu niyasome Jumatano.