"Naomba niongee na nahodha": boti niliyokodi kwenye mfereji wa Grand Union

Nitaanza na mazuri, maana yapo. Boti ilikuwa safi, magodoro mazuri, jiko la gesi linawaka mara moja, maji ya moto ya kuoga hayakatiki, na watoto walilala usingizi ambao nyumbani hawaulali. Nikiweka pembeni mchana mmoja tu, ningewapa nyota tatu, pengine hata nne. Ila mchana huo siwezi kuuweka pembeni.

Tulikodi mwishoni mwa kiangazi, mimi, mume wangu, watoto na mdogo wangu wa kike. Kampuni siitaji, wenyewe watajijua. Kwa asiyezijua boti hizi za mifereji ya Uingereza: ni ndefu na nyembamba, upana wake kama mita 2 tu, kwa sababu loki nyingi za zamani (vyumba vya maji vyenye milango, vya kupandishia na kushushia boti) zilijengwa kwa upana wa futi 7 na boti ikizidi hapo haipiti. Leseni huhitaji. Unaelekezwa kidogo pale bandarini kwao, unakabidhiwa ufunguo, unaondoka. Mimi ni mtoto wa Pangani, kana ya chombo, yaani mpini wa usukani, nimeishika kabla sijavaa sare ya shule. Mume wangu ni mtu wa Dodoma na kwenye maji hana raha. Tulikubaliana tangu nyumbani: usukani wangu, loki zao yeye na mdogo wangu. Kwenye mkataba jina la nahodha ni langu.

Yule kijana aliyetuelekeza alizungumza na mume wangu mwanzo mpaka mwisho. Nikiuliza swali mimi, anamjibu yeye. Kile kifuniko cha nyuma kilicho juu ya rafadha, yaani pangaboi la majini linalosukuma boti, alikionyesha kwa mguu tu, akasema hamtakihitaji. Nikayameza hayo.

Na safari yenyewe, jamani, ni raha. Pale Stoke Bruerne, Northamptonshire, kuna loki 7 za kupanda kufika kijijini. Unaingiza boti kwenye chumba cha matofali, kuta zina utelezi na zinachuruzika maji, milango ya mbao inafungwa nyuma yako. Walioko juu wanazungusha hendeli ya chuma, maji yanaanza kuingia kwa kishindo, na boti ya tani kadhaa inainuka taratibu mpaka unaonana uso kwa uso na watu waliokuwa juu ya kichwa chako. Loki za hapo ni pana, boti mbili zinakaa ubavu kwa ubavu, na mtu mwenye adabu humsubiri mwenzake ili maji yasipotee bure. Walikuwepo wazee wa kujitolea wa Canal & River Trust, shirika lililokabidhiwa mifereji hii mwaka 2012, wakatusaidia kusukuma milango bila kutuonyesha kwamba sisi ni wageni wa mambo haya. Mmoja aliniuliza mimi, mwenye kana mkononi, kama niko tayari afungulie maji. Aliniuliza mimi. Kumbe inawezekana.

Juu ya kijiji ndipo mdomo wa handaki la Blisworth, mita 2,813 chini ya kilima, lilifunguliwa mwaka 1805. Zamani boti zilivutwa na farasi kutoka ukingoni, na handaki halina njia ya farasi ndani, kwa hiyo watu walilala chali juu ya mbao na kuisukuma boti kwa miguu yao ukutani. Sisi tulikuwa na injini na taa, na bado ni zaidi ya nusu saa ya giza na matone ya maji ya mashimo ya hewa yanayokudondokea shingoni. Niliinyoosha boti humo mpaka tukatoka salama upande wa pili.

Tumetoka tu, injini ikabadilika sauti. Moshi mweusi, boti inatetemeka, haiendi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye vyombo anajua: rafadha imeshika kitu. Nikazima, nikachomoa ufunguo, tukaifunga ukingoni, nikafungua sakafu ya tezi, nyuma ya boti. Dawa yake ni kukitoa kile kifuniko, kuingiza mkono majini na kukata kilichojisokota. Kazi ya kawaida kabisa kwenye mifereji. Lakini skrubu ya kubana kifuniko ilikuwa imegandamana kwa kutu, rangi ya kutu yenyewe imekuwa nyeusi. Mimi nilishindwa, mume wangu alishindwa, jirani wa boti ya mbele alikuja na spana yake akashindwa.

Nikapiga simu kwa kampuni. Nikaeleza vizuri, kwa Kiingereza kinachoeleweka, mimi nafanya kazi na kulipa kodi nchi hii. Jamaa akasema, "Naomba niongee na nahodha." Nikamwambia nahodha ndiye mimi. "Hapana mpenzi, nampata yule anayeendesha boti?" Mpenzi! Mtu ambaye hanijui hata sura. Nikarudia: mkataba una jina langu, soma. Akasema hicho kifuniko kinafunguka kwa mkono, kinataka nguvu tu, nimpe mume wangu simu.

Nikamwambia, "Baba Salma, shika hii simu, mwambie yale yale niliyosema mimi. Usiongeze, usipunguze." Akasema yale yale. Skrubu, kutu, spana. Na jamaa akajibu, "Sawa bwana, tunamtuma fundi."

Hapo ndipo nilipowaka, na mpaka leo sijapoa. Mfereji huu huu wa Grand Union, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake walifunzwa kuendesha boti za mizigo, wakipeleka shehena Birmingham kutoka London na kurudi na makaa ya mawe ya Coventry. Kabla yao, kwenye familia za wabeba mizigo, boti ya mbele ilipovuta ya nyuma, kana ya ile ya nyuma mara nyingi ilikuwa mikononi mwa mke, na mtoto mgongoni au miguuni. Makumbusho ya mfereji yako pale pale Stoke Bruerne, unaweza kuingia. Leo mtu anayekula kwa mfereji huo ananiuliza nahodha yuko wapi.

Fundi alifika jioni, watoto wameshachoka, safari ya siku imekufa. Yeye simlaumu, alikuwa mtu wa heshima. Aliipiga ile skrubu kwa nyundo mara nyingi mpaka ikalia, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kipande cha turubai la bluu na waya uliokuwa umejiviringa kama kamba ya dema. Kisha akakirudisha kifuniko na kunionyesha, mimi mwenyewe, jinsi ya kukikaza, maana kikilegea rafadha inarusha maji ndani na boti inaweza kuzama. Sasa fikiria, kitu kinachoweza kuzamisha boti yenye watoto ndicho kile tulichoonyeshwa kwa mguu.

Tuliporudisha boti wakakata gharama ya fundi kwenye pesa yetu ya dhamana. Eti kinachoshika rafadha ni jukumu la mteja. Turubai sawa, limetoka majini, sibishani. Skrubu iliyooza ni ya nani?

Nilikuwa nimeandika nyota tatu hapo juu. Ziwe mbili. Hapana, ni moja, na hiyo ni ya fundi. Mfereji wenyewe nendeni, nendeni hata wiki ijayo, mimi nitarudi kwa kampuni nyingine, na kabla ya kulipa nitadai nifunguliwe kile kifuniko mbele ya macho yangu.

Barua pepe zangu za kudai dhamana hazijajibiwa. Mume wangu anasema aandike yeye, pesa itarudi mara moja. Najua itarudi. Nimekataa. Mkataba una jina langu, na jibu nalitaka liandikwe kwa jina hilo.