Cheti cha kifo cha baba, Moshi: uzoefu wangu wa kusaka kumbukumbu ya miaka 13

Mwaka 2024 nilifuatilia cheti cha kifo cha baba yangu hapa Moshi, miaka 13 baada ya kumzika. Nimeona niandike nilichopitia, kwa sababu kila niliyemuuliza alinieleza namna ya kujaza fomu tu. Fomu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kuipata kumbukumbu ya kifo chenyewe. Nilipoipata, yaliyobaki yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia.

Nianze na kosa letu wanafamilia. Baba alifariki Novemba 2011 katika hospitali moja ya hapa mjini. Siku ya kuchukua mwili tulikabidhiwa karatasi, tukaipeleka parokiani, tukamzika nyumbani Kibosho, na mama akaitia ile karatasi sandukuni pamoja na kadi ya ubatizo ya baba. Miaka yote tukaishi tukijua cheti tunacho. Kumbe tulichokuwa nacho ni kibali cha mazishi. Kibali kinakuruhusu kuzika, basi. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Kwa majirani zetu peke yao nimeshahesabu familia nne zilizokaa na kibali sandukuni zikidhani ni cheti. Kama wewe ni mmojawapo, kaitazame karatasi yako leo.

Tuligundua pale ukoo ulipokaa kikao na kumteua kaka yangu, anayeishi Mwanza, awe msimamizi wa mirathi. Tulibeba muhtasari wa kikao hadi Mahakama ya Mwanzo. Karani akausoma wote, kisha akauliza cheti kiko wapi. Mama akatoa kibali chake kwenye kitambaa. Yule karani akakitazama, akamrudishia taratibu kwa mikono miwili: "Hiki ni cha kuzikia, mama. Tuleteeni cheti cha kifo, ndipo tufungue shauri." Kaka alikuwa ameomba ruhusa ya siku tano kazini. Zikaishia hapo, akarudi Mwanza, kazi ikabaki kwangu.

Kibali chenyewe kilikuwa kimechanika kwenye mikunjo na namba ya juu imefutika kabisa. Kwa hiyo ilinibidi nirudi hospitali kuomba nakala ya taarifa ya kifo kutoka kwenye daftari lao. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na hapa ndipo nataka msomaji atulie.

Siku ya kwanza niliandika kwenye kipande cha karatasi jina la baba na tarehe iliyo msalabani: 17 Novemba 2011. Wakatafuta, hayupo. Siku ya pili nikaja na mama kabisa, tukakaa kwenye benchi hadi saa saba mchana, hayupo. Mama alianza kuniuliza kwa sauti ndogo kama kweli walimwandika mume wake. Swali lile liliniumiza kuliko usumbufu wote mwingine, kwa sababu sikuwa na jibu.

Siku ya tatu nilimkuta mtumishi mwingine, mama wa makamo, ambaye anaonekana amekaa na yale madaftari miaka mingi. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakukimbilia daftari. Aliniuliza, "Alifariki saa ngapi?" Nikasema saa nane usiku. Akauliza tena, "Usiku wa Alhamisi, au usiku wa kuamkia Ijumaa?" Nikamwambia si ndiyo huo huo. Akatikisa kichwa: "Kwako ndiyo huo huo, mwanangu. Daftari limeshageuka siku."

Akafungua ukurasa wa tarehe 18, na baba alikuwepo, mstari wa tatu.

Nyumbani kwetu usiku ni wa siku iliyopita mpaka kuche. Baba tulimwacha Alhamisi jioni, akafariki usiku ule, kwa hiyo sisi sote tunasema alifariki Alhamisi na fundi akaandika hivyo msalabani. Hospitali inabadilisha tarehe saa sita usiku. Na wapo wenzetu, hasa Waislamu wa pwani, ambao usiku kwao ni wa siku inayokuja, kwa hiyo wao wakikuambia "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha ule ambao mimi ningeuita wa Alhamisi. Kifo cha usiku kitafute kwa tarehe mbili, ya siku iliyotangulia na ya siku iliyofuata. Mtu akiniuliza jambo moja tu katika safari hii yote, humwambia hilo.

La pili lilikuwa jina. Kadi ya ubatizo inasema Aloysius. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho pekee alichoacha kwa kuwa alifariki kabla vitambulisho vya taifa havijatufikia, inasema Aloyce. Hati ya kiwanja nayo Aloyce. Daftari la hospitali limeandikwa Aloisi, na jina la ukoo limepungua herufi moja. Aliyeandika alisikia akaandika alivyosikia, na sisi usiku ule hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusoma alichoandika. Simlaumu. Ila nawaomba wenye wagonjwa: mtume mtu mmoja wa ukoo asiyelia sana akasome jina kabla karatasi haijagongwa muhuri. Herufi moja ilinipeleka kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba majina haya matatu ni ya mtu mmoja. Nililipa shilingi 20,000 kwake, na hati ile iliokoa kila kitu mbele ya safari, kwa sababu benki na mahakama wote waliiulizia.

Sasa ofisini. Ofisi ya usajili ya wilaya huwa ndani ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, si halmashauri na si manispaa. Nasema hivi kwa sababu watu wanazunguka. Jambo jingine linalowazungusha: kifo husajiliwa katika wilaya kilikotokea, si kule marehemu alikozikwa wala alikozaliwa. Nilikaa foleni na baba mmoja aliyetoka Moshi mjini akiwa na karatasi za mkewe aliyefariki hospitali ya Machame. Machame iko wilaya ya Hai, kwa hiyo alielekezwa Bomang'ombe, makao makuu ya wilaya hiyo. Na kinyume chake, mtu wa Rombo, Same au hata Arusha aliyefia KCMC, hospitali ya rufaa iliyo hapa Moshi, kumbukumbu yake ni ya Moshi. Ukilijua hilo mapema, umeokoa nauli na siku nzima.

Nje ya geti nilifuatwa na kijana aliyejua kabisa nimefuata nini. Akaniambia cha zamani hakipatikani bila mtu wa ndani, nimpe chochote akanisaidie. Nilikataa. Hao vishoka wanakula kwa watu waliochoka na wenye huzuni, na ndani hakuna mtu aliyeniomba shilingi. Malipo yote yanapita kwenye kontroo namba unayopewa, unalipa kwa simu au benki, na kiasi kinaonekana palepale. Anayekutajia kiasi kingine mkononi, mwache.

Maombi yenyewe niliyafanya kwa mtandao wa eRITA. Unafungua akaunti, unajaza habari za marehemu na zako wewe mtoa taarifa, unapakia viambatisho. Mimi niliweka taarifa ya kifo kutoka hospitali, kadi ya mpiga kura ya baba, kitambulisho changu cha taifa, barua ya mtendaji wa kijiji na ile hati ya kiapo. Mara ya kwanza nilipiga picha kwa simu zikarudishwa kwa kutosomeka. Nikaenda steshenari karibu na stendi wakaniskania vizuri, zikapita. Kama hujazoea mtandao usione aibu kuwaomba wale vijana wakujazie, ila kaa pembeni yao ukiangalia kila herufi ya jina.

Kwa aliyefia nyumbani njia ni nyingine kidogo, maana hakuna daftari la hospitali. Unaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji. Shangazi yangu anahangaikia cha mumewe sasa hivi, na kilichomsaidia ni kitabu cha marehemu cha parokia, ambamo paroko wa wakati ule aliandika siku ya mazishi kwa mkono safi. Parokia na misikiti msizisahau.

Siku niliyoitwa kuhakiki, afisa alinigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe kabla hajachapa. Alipoona tarehe aliinua macho akasema, "Pole sana dada kwa msiba wa mzee." Miaka 13 imepita, na bado nilishindwa kujibu mara moja. Sikutegemea kupewa pole dirishani. Nikasoma: jina, jinsia, umri, mahali, tarehe. Yote sawa. Kuanzia siku niliyolipa hadi cheti kuwa mkononi ilikuwa siku tisa za kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia karibu mwezi na nusu hospitalini, kwa wakili na kwa mtendaji. Huduma ya usajili wenyewe naisifu bila kusita.

Nilipanda haisi ya Kibosho jioni ile na cheti kwenye faili, faili nimeliweka ndani ya koti kwa sababu ya mvua. Mama alinawa mikono kwanza. Kisha akaomba nimsomee, maana miwani yake haimfai usiku. Nikasoma taratibu hadi kwenye tarehe, 18 Novemba 2011.

"Alhamisi," akasema mama.

Nikamweleza habari ya saa sita usiku, na daftari, na yule mama wa kumbukumbu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kile kitambaa chake, akaniambia mahakamani niseme wanavyotaka wao. Msalabani hatukubadilisha.