Shikamoo yangu haijaitikiwa hadi leo: uzoefu wangu na walimu wa idara ya saikolojia

Kuna dada kaniuliza kama ampeleke mdogo wake kusoma saikolojia kwenye chuo nilichosoma mimi. Chuo sikitaji, waliopita pale watakitambua wenyewe. Mambo ya ada, hosteli na sifa za kujiunga waulizeni watu wa udahili. Mimi nitasema habari za walimu, na hasa za mwalimu mmoja, maana huyo bado amenikaa kooni.

Idara yenyewe ndogo. Walimu wa kudumu unawahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Wengine ni wa muda, wanazunguka vyuo viwili vitatu, kwa hiyo kipindi cha saa mbili asubuhi mnaweza mkakisubiri hadi saa nne ndipo kiongozi wa darasa apokee ujumbe: "Leo sitafika, someni slaidi." Wa takwimu yeye alikuwa anafika, lakini alikuwa anausomea ukuta, mgongo umetuelekea sisi. SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, tulifundishwa hosteli usiku na wenzetu wa mwaka wa juu. Hao sina muda nao.

Ninayemtaka ni Dokta wa ushauri nasaha.

Muhula mmoja hivi, nilikuwa mwaka wa pili, alama za majaribio zikabandikwa ubaoni. Mbele ya namba yangu ya usajili patupu. Testi nilifanya, karatasi ya mahudhurio nilisaini, na jirani yangu aliyeniazima kalamu siku ile alama zake zipo. Mliosoma chuo mnajua maana yake: bila alama za muhula hukai mtihani wa mwisho, na ukishabeba kozi hata bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linaanza kusuasua.

Nikaenda ofisini kwake. Nikagonga, nikaingia, nikasema, "Shikamoo Dokta." Kimya. Labda hajasikia. Nikarudia. Bila kutoa macho kwenye simu akaonyesha mlango kwa kidole: "Subiri hapo." Nikasimama hapo. Akamaliza mambo ya simu, akaingia mwenzake, wakaongea habari za viwanja, bei zimepanda, dalali tapeli, wakacheka wee. Mwenzake akatoka. Nikajua sasa zamu yangu. Akavuta sahani ya mihogo ya kukaanga na kachumbari, akaanza kula! Mimi nimesimama, miguu inaota ganzi.

Ndipo akauliza, "Wewe una shida gani?" Nikaanza kueleza. Hata namba ya usajili sijaitaja, akanikata: "Binti, mimi nafundisha ushauri nasaha, siyo mshauri wako. Matatizo yako peleka kwa mshauri wa wanafunzi."

Katibu muhtasi akacheka. Huyo naye tuna yetu, siku nyingine.

Kilichoniuma ni kwamba wiki hiyohiyo alikuwa ametufundisha SOLER ya Gerard Egan, yaani namna ya kukaa unapomsikiliza mteja. Waliosoma ushauri wanaijua: ukae ukimkabili mteja, mkao wako uwe wazi, uiname kidogo kumwelekea, umtazame machoni, utulie. Alitufanyisha mazoezi wawili wawili, na mimi akanisema mbele ya darasa zima eti nimetupia jicho saa wakati mwenzangu anasimulia msiba. Haya, nimtie alama na yeye. Kunikabili: alikaa upande. Kuinama: aliinamia mihogo. Macho: kwenye simu. Kutulia ndiyo alitulia, tena sana. Na Carl Rogers, mwanasaikolojia tuliyemkariri kama sala, kwamba mshauri asijifanye asivyo, amkubali mtu bila masharti, na ajaribu kuiona dunia kwa macho ya yule aliye mbele yake? Hapo kwenye kutojifanya Dokta amefaulu. Hakuigiza upole hata kidogo.

Karatasi yangu ilionekana, na aliyeiona siyo yeye. Mhadhiri msaidizi aliikuta kwenye bunda la wanafunzi wa jioni. Nikarudi ofisini, Dokta akaandika alama, akasaini, akasema, "Si imepatikana?" Pole hakuna. Na shikamoo ya siku hiyo nayo hakuitikia, kwa hiyo namdai.

Mtasema ana kazi nyingi. Ni kweli, anabebeshwa kozi ambazo chuo kikubwa wangegawana watu watatu, asubuhi na jioni. Lakini marahaba ni neno moja jamani.

Sasa niseme na hili, maana kulinyamazia ni dhuluma. Mtu huyuhuyu alitufundisha saikolojia ya jamii, na kuna kipindi kimoja ambacho ningelipa nauli nikakisikilize tena. Aliingia (salamu hakuna, kama kawaida), akasema, "Simameni. Mikono juu. Tazameni ukuta wa nyuma." Tukasimama wote, watu wazima, wengine wana watoto nyumbani. Yeye akaendelea kuandika ubaoni. Mabega yanawaka moto, hakuna anayefungua mdomo, mpaka kaka mmoja akauliza, "Dokta, kwani tunafanya nini?" Akaweka chaki chini. "Hilo swali nalisubiri tangu niingie."

Ndipo akatupa habari za Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na jaribio lake la utii la 1961. Watu wa kawaida kabisa wanaambiwa na bwana mwenye koti la maabara wampige shoti mtu aliye chumba cha pili kila anapokosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, lakini wao hawakujua. Katika wanaume 40 wa jaribio alilolichapisha kwanza, 26 walifika hadi mwisho, volti 450. Darasa lilikuwa kimya, mabega bado yanauma. Sijawahi kufundishwa kitu kikaniingia namna ile. Na kumbe mimi pale mlangoni kwake nilisimama kwa sababu gani, kama siyo kwamba kasema "subiri hapo"?

Yupo na Madam wa makuzi ya mtoto. Huyo anaitikia salamu mpaka anakuuliza hali ya mama. Kwake ndiko nilikojua kwamba Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa habari za mtoto anavyoshikamana na mama yake, kabla ya yale majaribio yake maarufu ya Baltimore, Marekani, aliwachunguza akina mama na watoto wachanga vijijini karibu na Kampala, miaka ya 1950. Nilifurahi kweli, maana vitabuni unaona Marekani tu. Ila alama za Madam hazina maana: aliyekesha B, aliyenakili B. Dokta ukipata A yake, hiyo ni A.

Kwa hiyo dada, mdogo wako mpeleke. Mwambie kila testi apige picha karatasi ya mahudhurio, na ofisini kwa Dokta aingie na mwenzake, asiende peke yake. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota mbili. Kwa kile kipindi cha Milgram ziwe nne. Aa, hapana, tatu. Nimeikumbuka ile mihogo.