Miwani, lenzi ya mkono au simu? Cha kununua Kigoma herufi ndogo zikianza kukukimbia

Mwambie mchuuzi wa miwani pale Mwanga kwamba huoni vizuri karibu, atakuuliza swali moja: "Mzee, una miaka mingapi?" Ukisema 50, unapewa +2.00, unalipa, unaondoka. Swali si baya, ila limekosa mwenzake: kazi yako unaishika umbali gani kutoka machoni?

Miwani ya kusomea ni lenzi mbinuko, nene katikati na nyembamba pembeni. Miale inayotoka mbali ikipita humo hupindwa ikakutana mahali pamoja, na namba ya miwani inatokana na umbali wa hapo: gawanya 1 kwa umbali huo kwa mita. Lenzi ya +1.00 hukusanya miale kwenye mita 1, +2.00 kwenye sentimita 50, +2.50 kwenye 40. Ukienda kinyumenyume hesabu ni ileile. Gazeti likiwa sentimita 40 mbele ya +2.50, miale yake huingia jichoni kana kwamba imetoka mbali, na jicho linaloona mbali vizuri huipokea bila kujikaza. Ujanani lenzi iliyomo ndani ya jicho hunenepa yenyewe tunapotazama karibu. Kuanzia miaka 40 hivi inakuwa ngumu, na miwani inafidia kilichopungua.

Ndiyo maana wawili wenye umri mmoja hawavai namba moja. Mshona nyavu wa Kibirizi anayetandaza wavu mapajani, nusu mita kutoka usoni, akipewa +3.00 atalazimika kuinama mchana kutwa. Fundi wa vitenge anayetunga uzi kwenye sindano akiwa ameisogeza karibu ndiye anayeihitaji namba hiyo.

1. Miwani ya tayari, baada ya kupimwa

Kwa watu wengi hili ndilo chaguo langu la kwanza. Kapime macho Hospitali ya Maweni au kliniki nyingine ya macho, waeleze kazi yako na umbali wake, kisha ukanunue namba hiyo hata kwa machinga. Usiruke kipimo: presha ya macho hula uoni taratibu bila maumivu, na hakuna miwani ya mezani itakayokuambia unayo.

Mbele ya muuzaji, nyoosha mkono, utazame ukingo wa mlango kupitia kila kioo huku ukikisogeza polepole. Ukingo ukicheza kama mawimbi, rudisha. Halafu ingia kivulini ujaribu kusoma. Jua la mchana hubana mboni, na mboni iliyobanwa huona karibu vizuri zaidi. Namba inayokuridhisha barabarani saa saba inaweza kukuangusha jioni chini ya taa.

Unashuku namba iliyobandikwa? Nyumbani, simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha lililo wazi. Sogeza kioo mbele ya ukuta mpaka miti ya nje ionekane ukutani, kichwa chini miguu juu. Kioo cha +2.00 kitafanya hivyo kikiwa sentimita 50 kutoka ukutani. Kikifanya kwenye 40, umeuziwa +2.50.

2. Miwani ya kutengenezewa

Bei iko juu, lakini kama macho yako hayalingani, au mistari ya upande mmoja unaiona imefifia kuliko ya upande mwingine, hii ndiyo ya kwanza kwako. Miwani ya tayari ina namba moja kwa macho yote mawili, na katikati ya vioo imekadiriwa kwa uso wa mtu yeyote.

3. Lenzi ya kusimama yenye taa

Inafaa fundi wa simu na mzee ambaye miwani haimtoshi tena. Mikono yote miwili inabaki huru. Angalia kwanza betri zake kama zinapatikana dukani kwenu.

4. Lenzi ya mkono

Nzuri kwa mwanafunzi, au mkulima anayechunguza wadudu kwenye jani la muhindi. Tatizo ni maandishi ya kwenye boksi. Lenzi ya 10X hukusanya miale kwenye sentimita 2.5 tu, kwa hiyo kioo chake ni kidogo na lazima kiwe karibu kugusa jani. Kioo kipana kama kiganja kilichoandikwa 10X ni uongo. Tarajia mara mbili au tatu. Na usikiache dirishani kiangazi: jua linalokusanywa na kioo hicho huchoma karatasi na pazia vilevile.

5. Simu uliyonayo

Kamera nayo ina lenzi mbinuko ndani. Kwa tarakimu 20 za LUKU kwenye risiti iliyofifia au maelezo ya chupa ya dawa, piga picha uikuze. Kusoma kitabu kizima hivyo ni mateso.

6. Karatasi ya plastiki ya kukuzia

Ile bapa yenye mikwaruzo ya duara imetokana na wazo la Mfaransa Fresnel, aliyetengeneza lenzi za minara ya taa miaka ya 1820. Mnarani inafanya kazi kubwa. Juu ya ukurasa, mikwaruzo hutawanya mwanga na herufi zinakuwa na ukungu. Inunue kama unataka kitu cha kukaa ndani ya pochi, basi.